Meditesheni ya umakinifu na stresi: maswali mnayoniuliza kila wiki

Naongoza kikundi kidogo cha Jumamosi asubuhi hapa Dar, mwaka wa nne sasa, watu kumi, wakati mwingine kumi na mbili, kila mtu na mkeka wake. Wageni wakija maswali ni yaleyale, na mengine yanakuja kwenye simu saa sita usiku kutoka kwa mtu ambaye usingizi umegoma, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayoyatoa siku zote. Soma lile linalokuhusu, sio lazima ufuate mpangilio.

Hivi hiki kitu ni nini hasa?

Ni mazoezi ya kuileta akili pale mwili ulipo. Unachagua kitu kimoja, mara nyingi pumzi, unaifuatilia inavyoingia na kutoka, baada ya muda kidogo akili inatoroka inaenda kwenye kodi ya nyumba au kwenye maneno uliyoambiwa na shemeji yako mwaka juzi, unashtuka kwamba imetoroka, unairudisha kwenye pumzi bila kujigombeza. Afu inatoroka tena. Unairudisha tena. Watu wengi wanadhani zoezi ni ile kutulia, hapana, zoezi ni kule kushtuka na kurudi, kila ukirudi umefanya zoezi mara moja, kama mtu anayenyanyua chuma gym anavyohesabu.

Na pumzi yenyewe huipangii chochote. Huvuti sana, hubani, unaiangalia tu ilivyo leo.

Ilianzia wapi?

Mizizi yake ni kwenye Ubuddha, kwenye lugha ya Kipali wanaita sati, na watawa wa Myanmar ndo waliochangia sana kuifanya ifundishwe hadi kwa watu wa kawaida wasio watawa. Ila hii kozi ya wiki 8 tunayoifuata sisi ilizaliwa hospitali. Mwaka 1979 huko Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani, bwana mmoja anaitwa Jon Kabat-Zinn, mtu wa baiolojia ya molekuli aliyepata udaktari wake wa falsafa pale MIT, aliomba apewe wale wagonjwa ambao madaktari wameshafanya waliloweza, watu wenye maumivu sugu ya mgongo, ya kichwa, ya viungo. Akawapa mazoezi ya kutafakari na yoga nyepesi, bila habari za dini. Kozi inajulikana kwa herufi zake MBSR, yani Mindfulness-Based Stress Reduction, kupunguza stresi kwa umakinifu, na leo inafundishwa nchi nyingi sana.

Mimi hiyo habari ya wale wagonjwa wa kwanza naipenda mno, maana hawakuwa watu wenye nafasi na mishumaa ya kunukia, walikuwa watu wanaoumwa.

Je, ni dini? Mi ni Muislamu / mi ni Mkristo.

Hili ndo swali namba moja na sitaki kulijibu juujuu, maana anayeliuliza anaulizia kitu anachokithamini kuliko stresi yake.

Kwenye kozi hakuna anayeombwa, hakuna jina la mungu yeyote, hakuna maneno ya siri ya kurudiarudia, hakuna sanamu. Unaangalia pumzi yako na mwili wako. Kwenye kikundi chetu kuna mama wa kwaya, kuna mzee ambaye akitoka hapa anawahi adhuhuri msikitini, na huyo mzee ndo aliyenipa maelezo mazuri kuliko yangu. Alisema, mtu anayeswali anaijua hii shida vizuri, umeshapiga takbira, uko katikati ya Fatiha, na akili ipo dukani inahesabu mzigo, khushui, yani ule utulivu wa moyo kwenye swala, imeondoka na hukuiona ikiondoka. Anasema sasa hivi anaiona ikiondoka. Mama wa kwaya naye anasema hivyohivyo kuhusu rozari, kwamba zamani alikuwa anafika mwisho wa tasbihi bila kukumbuka alipopita.

Sisemi kwamba hizi ni kitu kimoja na sala. Sala ina anayeelekezewa, hii haina. Na kama moyo wako unakataa, muulize shekhe wako au padri wako, na kama bado unakataa basi acha, kukaa hapa huku dhamiri inakusuta hakutakupunguzia stresi hata chembe.

Stresi inafanya nini mwilini, na hii meditesheni inaingilia wapi?

Chukua mfano huu. Saa tatu usiku meseji inaingia kutoka kwa bosi: "Kesho asubuhi tuonane." Basi, maneno matatu. Moyo unaanza kwenda mbio, tumbo linakaza, mdomo unakauka. Hiyo ni adrenalini imemwagika, na nyuma yake inakuja kotisoli inayoamuru sukari ipande kwenye damu ili misuli iwe tayari. Mwili umejiandaa kupigana au kukimbia, na umejiandaa vizuri kabisa, kama mbele yako angekuwa nyati hayo yote yangekuokoa. Nyati angepita, dakika chache mbele mwili ungeshuka ukarudi chini.

Tatizo meseji haipiti. Umelala nayo. Saa saba usiku unajibizana na bosi kichwani, anakufukuza, unatoka na boksi lako, unawaza ada ya watoto, na kila ukiirudia ile picha mwili unaiamini, unamwaga tena zile homoni. Asubuhi unaenda kumbe alitaka kukuuliza kuhusu ripoti. Mwili umeshapigana na nyati kumi na mbili usiku kucha. Fanya hivyo miezi, miaka, ndo unakuta presha, vidonda vya tumbo vinachachamaa, usingizi umepotea, hasira kwa watoto wasio na kosa.

Kwa hiyo kuna tukio, na kuna marudio. Tukio mara nyingi huna uwezo nalo. Mazoezi haya yanashughulika na marudio. Unajifunza kushtuka mapema kwamba hii sasa ni filamu kichwani, taya limekaza, mabega yamepanda masikioni, na ukishaona unarudi kwenye kitu kilichopo kweli, miguu sakafuni, pumzi, sauti ya feni. Pia ukikaa na pumzi bila kuilazimisha, yenyewe mara nyingi inapungua kasi, na pumzi ndefu ya kutoka inauamsha ule mshipa wa fahamu wa vagasi unaoupunguzia moyo mwendo.

Mara ya kwanza kuliona hili kwangu ilikuwa kwenye daladala, foleni ya kutoka Mbagala, nimesimama. Nilikuwa wiki ya tatu ya kozi. Nikagundua mkono wangu umelishika lile bomba la juu kwa nguvu mpaka vidole vimekufa ganzi, na gari limesimama, haliendi popote, yani hakuna sababu ya kushika hivyo. Nikalegeza kidole kimoja kimoja. Kidole gumba ndo kilikuwa kigumu kuliko vyote. Foleni haikusogea, ila nilishuka Posta bila kichwa kuuma na kichwa kilikuwa kinaniuma kila asubuhi.

Wiki 8 zinakuwaje?

Mnakutana mara moja kwa wiki, masaa mawili na nusu hivi, na kila siku nyumbani unafanya kama dakika 45 kwa siku sita za wiki. Karibu na wiki ya sita kuna siku moja nzima ya kukaa kimya pamoja.

Siku ya kwanza mnakula zabibu kavu. Moja. Sisi tunatumia zilezile za kwenye pilau. Unaiweka kiganjani unaiangalia kama hujawahi kuiona, mikunjo yake, pale ilipokatika kutoka kwenye kikonyo pana kidoti, unaizungusha karibu na sikio kwa vidole ina kasauti kadogo, unainusa, mate yanaanza kujaa kabla hata haijafika mdomoni, unaiweka ulimini usiitafune, afu unatafuna mara moja tu unasubiri. Watu huwa wanashangaa utamu wa zabibu moja. Dada mmoja alisema amekula zabibu miaka thelathini na hii ndo ya kwanza.

Baada ya hapo wiki za mwanzo ni kuupitia mwili, umelala chali kwenye mkeka, unaanzia vidole vya mguu wa kushoto unapanda taratibu mpaka utosini, unasikiliza kila sehemu ina nini, joto, kuwasha, kubana, au haina kitu. Halafu inaingia yoga ya taratibu, kukaa na pumzi, kutembea polepole. Wiki ya nne na ya tano ndo mnaongea stresi yenyewe, jinsi mtu anavyoruka kujibu kabla hajajua anajibu nini. Mwisho mnaongelea jinsi ya kuendelea bila kikundi.

Akili yangu haitulii hata sekunde, nadhani hii sio ya watu kama mimi.

Ni ya watu kama wewe. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Harvard, Killingsworth na Gilbert, walitoa matokeo ya watu 2250 waliokuwa wanaulizwa kupitia simu wakati wowote wa siku, unafanya nini sasa hivi na unawaza nini, wakakuta karibu 47% ya muda akili iko kwingine kabisa tofauti na kinachofanyika. Na akili ikiwa kwingine furaha yao ilikuwa ndogo kuliko ikiwa hapo.

Na kuna lingine la 2014, kule Marekani, watu waliachwa peke yao chumbani dakika 15 na mawazo yao tu, hakuna simu, kuna kitufe tu ukibonyeza kinakupiga shoti ya umeme, shoti ambayo walishasema wangelipa hela wasipigwe tena. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga shoti. Wanawake 6 kati ya 24. Kukaa na akili yako ni kugumu kwa kila mtu, kwa hiyo ukikaa dakika tano ikatoroka mara hamsini ukairudisha mara hamsini, hukushindwa, umefanya kazi nzito.

Dakika 45 nitazitoa wapi? Nina watoto watatu na biashara.

Anza na kumi. Kumi za kila siku ni bora kuliko saa nzima ya Jumapili. Wengi wanazipata kabla nyumba haijaamka, wengine kwenye gari limepaki nje ya ofisi, muuza samaki mmoja wa kikundi chetu anafanya Feri akisubiri mnada. Ila nikuambie ukweli, wale waliokuja na kuniambia maisha yamebadilika karibu wote walifikia nusu saa na kuendelea, kumi ni mlango.

Inasaidia kweli au ni maneno tu?

Inasaidia, kwa kiasi. Mwaka 2014 kwenye jarida la JAMA Internal Medicine ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti 47 zenye watu 3515, zile tu zilizokuwa na kundi la kulinganishia. Wakakuta programu hizi zinapunguza wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiasi cha wastani, ushahidi wa kuridhisha. Kwa stresi yenyewe kama stresi, ushahidi ulikuwa dhaifu zaidi. Na hawakukuta kwamba meditesheni inashinda mazoezi ya mwili au dawa au tiba nyingine, ni mojawapo.

Kuna utafiti mwingine ulitoka 2022, wakachukua watu 276 wenye ugonjwa wa wasiwasi, nusu wakapewa MBSR wiki 8, nusu wakapewa dawa inaitwa escitalopram. Mwisho wa wiki 8 wasiwasi ulikuwa umeshuka karibu sawasawa kwenye makundi yote mawili. Waliotumia dawa walilalamikia madhara madogomadogo zaidi, usingizi kusumbua, kichefuchefu, na kadhalika. Na kwa maumivu ya mgongo, mwaka 2016 watu 342 wenye mgongo sugu waligawanywa makundi matatu, baada ya wiki 26 waliopata nafuu ya maana katika shughuli zao kwenye kundi la MBSR ni 60.5%, kwenye tiba ya kisaikolojia ya CBT 57.7%, kwenye matibabu ya kawaida tu 44.1%.

Mi nazipenda hizi namba kwa sababu hazijakuzwa. Mtu akikuuzia meditesheni kama dawa ya kila kitu, mkimbie.

Basi niache dawa zangu?

Hapana. Dawa ya presha, ya sonona, ya kifafa, yoyote, haiachwi kwa sababu umeanza kukaa kimya asubuhi. Ongea na daktari aliyekuandikia. Unaweza kufanya vyote viwili.

Naskia inabadilisha ubongo, ni kweli?

Hii ilivuma sana baada ya utafiti wa 2011 uliosema sehemu ya ubongo inayoitwa hipokampasi inaongezeka baada ya wiki 8. Lile kundi lilikuwa dogo, watu 16 tu waliofanya kozi. Mwaka 2022 watafiti wa Wisconsin wakarudia na watu zaidi ya 200, vipimo makini, hawakuona mabadiliko yoyote ya umbo la ubongo. Kwa hiyo ukiiona ile picha ya ubongo wa rangirangi inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, usiisambaze. Mtu anaweza kulala vizuri na kuacha kufokea watoto bila ubongo wake kuongezeka ukubwa.

Ina madhara?

Kwa wengi ni usumbufu mdogo, kuchoka, kuboreka, machozi yasiyo na sababu. Ila kuna watu inabidi waende kwa uangalifu, na hapa naomba usome vizuri. Kama umepitia ukatili, ajali mbaya, vita, kubakwa, kukaa kimya ukafumba macho kunaweza kuleta ile picha yote kwa mkupuo, na kwa mtu wa namna hiyo kuambiwa "kaa nayo tu" ni kumuumiza. Yule dada wa zabibu wiki ya pili alikuwa analala chali kwenye mkeka akiupitia mwili na akifika kifuani pumzi inakata. Tukabadilisha, akafanya macho wazi, amekaa karibu na mlango, anasikiliza sauti za nje badala ya pumzi, dakika tatu tu. Ilimfaa. Na alikuwa anamwona mtaalamu wa saikolojia pembeni, hilo ndo lililofanya kazi kubwa.

Kama una historia ya kusikia sauti au kuona vitu wengine hawavioni, au uko kwenye sonona nzito sasa hivi, usianzie hapa peke yako. Na kama una mawazo ya kujiua usisubiri Jumamosi, nenda hospitali leo, mwambie mtu mmoja leo.

Nikianza tu nalala.

Umechoka. Lala. Kesho fanya umekaa, na macho wazi kidogo.

Nyumba yetu ina kelele, wapangaji, bodaboda, redio ya jirani.

Sauti sio adui wa zoezi. Jaribu kuifanya sauti ndo pumzi yako, bodaboda inakuja, inapita, inaishia mbali, kuku, sufuria imeanguka, mtoto wa jirani analia. Unasikia tu bila kufuata habari, yani bila kuanza "huyu naye kila siku". Ukishaanza "huyu naye" umeshatoroka, rudi. Kikundi chetu kinakutana jirani na fundi wa kuchomelea vyuma na hatujawahi kumwomba anyamaze.

Lazima nikunje miguu chini?

Hapana. Kiti cha plastiki kinatosha, nyayo zifike sakafuni, mgongo usiegemee sana kama unaweza.

Tatizo langu ni kazi yenyewe. Mshahara unachelewa, bosi anatukana. Meditesheni itanisaidia nini?

Nimeshaitwa mara moja kwenye ofisi fulani nikafundishe wafanyakazi kutulia, nikafika nikakuta watu hawajalipwa miezi mitatu. Niliwaambia wakubwa pale kwamba hawa hawahitaji pumzi, wanahitaji mishahara yao, na sikurudi. Bado nakasirika nikikumbuka. Haya mazoezi sio ya kumfundisha mtu avumilie asichopaswa kuvumilia.

Yanachoweza kukusaidia ni usiku wako, ulale, na siku ukiamua kwenda kudai haki yako uende sauti haitetemeki na hujasahau ulichotaka kusema. Wapo walioacha kazi baada ya kozi. Walipotulia ndo waliona jinsi walivyokuwa wanaumia.

Watoto wangu wafanye?

Mkifanya pamoja kwa kucheza, dakika mbili, sawa. Ila kuingiza shuleni kwa lazima sio dawa, Uingereza walijaribu kwa wanafunzi zaidi ya 8000 wa miaka ya kuanzia 11, matokeo yakatoka 2022, hayakuzidi masomo ya kawaida, na wengi wa watoto hawakufanya mazoezi nyumbani. Mtoto hufuata anachokiona, wewe ukiacha kushika simu mezani ameshajifunza kitu.

App ya simu inatosha?

Inatosha kuanzia, zima tu notifikesheni kwanza. Shida ni kwamba nyingi ziko kwa Kiingereza, na mtu anayeota kwa Kiswahili akiambiwa alegeze mwili kwa Kiingereza anatumia nusu ya nguvu kutafsiri. Rekodi sauti yako mwenyewe, taratibu, au mwombe mtu unayempenda sauti yake akurekodie. Mama yangu anatumia rekodi ya mjukuu wake.

Naanzaje leo usiku?

Simu iache chumba kingine. Kaa kitandani au kwenye kiti, mikono mapajani. Tafuta sehemu moja ambapo pumzi unaisikia vizuri, puani, kifuani au tumboni, usihame hame. Hesabu pumzi inayotoka, moja, mbili, mpaka kumi, afu anza moja. Ukijikuta uko kumi na saba au uko sokoni, rudi moja. Fanya mpaka maji uliyobandika jikoni yachemke.